Spoti, klasta na bikoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu taarifa za vituo vya mbali

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa wenzangu wanaoanza redio ya ridhaa: mengine hewani, mengine kwenye simu saa tano usiku. Nipo Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi ni ya upande huu wa dunia. Alama za wito (jina rasmi la kila kituo hewani) zenye ZZZ mwishoni ni za kubuni, usizitafute.

## Mwanzo kabisa

1. DX ni nini, na "spoti" ni nini?

DX ni kifupisho cha tangu enzi za simu ya upepo, maana yake umbali. Kwenye masafa mafupi, kwa kawaida kituo kilicho bara jingine ndicho DX. Mtu wa Ujerumani akimnasa mtu wa Tanzania amepata DX, na hapo ndipo wengi wetu hushtuka: kumbe sisi wenyewe ndio tunaotafutwa.

Spoti (si ile ya mpira) ni taarifa ya mstari mmoja inayosema: nimesikia kituo fulani, masafa haya, muda huu. Huonekana hivi:

`DX de 5H3ZZZ:  21255.0  3B9ZZZ  sauti nzuri, UP 5  1432Z`

Baada ya "DX de" ni aliyesikia, hapa mtu wa Tanzania. Inafuata namba ya masafa kwa kilohezi, yaani 21.255 MHz, bendi ya mita 15. Kisha kituo kilichosikika: 3B9 ni Rodrigues. Halafu maneno machache ya aliyetuma (UP 5 ni kwamba kituo kinasikiliza kilohezi 5 juu), na muda mwishoni. Mgeni hukimbilia kusoma alama ya kituo cha mbali. Mzoefu huanza na aliyesikia, na sababu nimeieleza kwenye swali la 6.

2. Hiyo 1432Z ni saa ngapi kwetu?

Herufi Z ni muda wa dunia, UTC. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele, kwa hiyo 1432Z ni 17:32, yaani saa kumi na moja na dakika 32 jioni.

Kuna njia ya mkato ambayo Mzungu hawezi kuitumia. Ukihesabu kwa saa za Kiswahili, saa ya mchana unaongeza 3 unapata UTC. Saa ya usiku unaongeza 15, na ikifika 24 au kuzidi unatoa 24. Saa moja asubuhi ni 04 UTC. Saa nne usiku: 4 na 15 ni 19, ndiyo 1900 UTC. Saa kumi alfajiri: 10 na 15 ni 25, toa 24, unabaki na 01 UTC. Jaribu mara tatu tu, hutabandika tena karatasi ya saa ukutani.

3. Taarifa inafikaje kwangu ndani ya sekunde chache?

Zamani watu walipigiana simu, au walikuwa na masafa yao ya mjini ya VHF ambapo mmoja akimsikia mgeni anawaita wengine. Habari za safari za visiwani zilikuja kwa posta kwenye majarida. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Dick Newell, AK1A, aliandika programu ya PacketCluster. Watu waliunganisha kompyuta zao kwa redio ya pakiti, yaani kutumiana data hewani, mara nyingi kwenye bendi ya mita 2 kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde, na aliyeandika mstari mmoja aliwafikia wote waliounganishwa. Jina "klasta" limebaki tangu hapo.

Leo klasta ni nodi nyingi (kompyuta zinazopokezana spoti) zilizotapakaa duniani, zikiendeshwa na watu wa kujitolea, nyingi kwa programu ya DX Spider. Nodi yako ikipokea spoti, inaipeleka kwa nodi jirani zake, nazo kwa jirani zao. Kwa kuwa njia ni nyingi, mstari uleule hurudi kupitia mlango mwingine. Nodi huutambua na kuutupa. Hakuna makao makuu. Nodi moja ikizimwa, habari hupita kwingine kama maji.

4. Lazima niwe na leseni?

Kusoma, hapana. Tovuti kama DX Summit zinaonyesha spoti kwa yeyote. Kuingia kwenye nodi kwa telneti (dirisha la kuandika amri) utaulizwa alama ya wito, kwa hiyo hapo mwenye leseni ndiye mwenye nafasi. Kurusha mawimbi ni habari nyingine kabisa: Tanzania unaomba TCRA, Kenya Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda UCC. Usirushe kabla ya karatasi.

5. Inakula bando?

Kidogo sana ukitumia maandishi matupu. Mstari mmoja hauzidi herufi 80. Kinachokula bando ni ramani zenye rangi na mishale. Zifungue ukizihitaji, kisha zifunge.

## Kusoma bila kudanganyika

6. Klasta imejaa vituo, lakini nikienda kwenye masafa hayo nasikia upepo tu. Redio yangu ni mbovu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mara redio ni nzima.

Spoti haikuambii kwamba kituo kinasikika. Inakuambia kwamba kimesikika *pale alipo aliyetuma*. Mtu wa Ohio akitangaza kituo cha Karibi kwenye mita 40, ni saa kumi alasiri Dar es Salaam, jua bado kali, na mita 40 kwako haiendi mbali hata ukilia. Kwake ni asubuhi na bendi bado iko hai. Amesema kweli, kosa ni kudhani anazungumza nawe.

Waendesha redio wamejaa Ulaya, Amerika Kaskazini na Japani, kwa hiyo spoti nyingi hutoka huko. Huku kwetu tuko wachache mno. Matokeo yake, klasta isiyochujwa ni dirisha la nyumba ya watu wengine: unaona wanachokula, lakini chakula hakipo mezani kwako.

Kwa hiyo soma kwa mpangilio huu. Kwanza, aliyesikia yuko wapi? Akiwa Kenya, Uganda, Msumbiji, Komoro au Afrika Kusini, kimbia kwenye redio. Akiwa kusini mwa Ulaya, na kituo kinachotangazwa kiko Bahari ya Hindi, nafasi yako ni nzuri vilevile, japo angalia swali la 7. Pili, muda: spoti ya dakika 40 zilizopita ni habari ya jana. Tatu, je, watu wawili au watatu wa maeneo tofauti wamesema kitu kimoja? Mmoja anaweza kukosea herufi. Tazama swali la 13.

7. Kwa nini mtu wa Nairobi simsikii nikiwa Dar, ilhali mtu wa Finland anamsikia vizuri?

Kwa sababu mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi tabaka la ionosfia, mamia ya kilomita juu, kisha hurudi chini mbali. Kwenye mita 20 mchana, wimbi linaloondoka Nairobi mara nyingi hutua zaidi ya kilomita elfu moja mbele. Dar iko kama kilomita 670 tu kutoka Nairobi: karibu mno kwa wimbi la angani, mbali mno kwa wimbi linalotambaa ardhini. Wewe uko kwenye kivuli. Jirani yako anaruka juu ya kichwa chako akienda kusalimia Ulaya.

Dawa ni kushuka bendi. Mita 40 mchana huunganisha Dar, Mombasa, Nairobi na Kampala vizuri tu.

8. Nachujaje nione yanayonihusu?

Kwenye DX Spider amri yenye faida kubwa kwetu ni hii:

`accept/spots 1 by_zone 21,36,37,38,39`

Hizo ni kanda za CQ (mgawo wa dunia wanaoutumia wana redio) za *waliosikia*. Ya 37 ina Tanzania, Kenya, Uganda, Ethiopia na Msumbiji. Ya 36 ina Burundi, Rwanda na Kongo. Ya 38 ni kusini mwa Afrika, ya 39 ni visiwa kama Komoro, Madagaska, Ushelisheli na Rodrigues, na ya 21 ina Oman na jirani zake wa Ghuba. Ukiiweka, skrini itatulia ghafla na huenda usione kitu kwa dakika kumi nzima. Usiogope. Mstari utakaotokea hapo una thamani kuliko mia ulizokuwa ukiziona.

Ukichoka na ukimya, `clear/spots all` inarudisha mafuriko. Na `sh/dx 20` inakuonyesha mistari 20 ya mwisho.

9. Klasta, Reverse Beacon, PSK Reporter, WSPR: vyote hivi si kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya ndiko kunakowapotezea watu jioni nzima.

*Klasta* ni binadamu. Mtu amesikia, ameona inafaa, ameandika. Ina maoni na ina makosa, na ndiyo inayokuambia mambo ambayo mashine haiyajui: operata anasikiliza wapi, anapokea Afrika tu kwa sasa, ameenda kula.

*Reverse Beacon Network* ni mashine zinazosikiliza Morse. Programu ya CW Skimmer ya Alex Shovkoplyas, VE3NEA, ilitoka 2008 na ina uwezo wa kufasiri mazungumzo mamia kwa wakati mmoja kwenye bendi. Watu wameziacha redio zao zikisikiliza usiku na mchana. Ukiita CQ (mwito kwa yeyote anayesikia) kwa Morse, ndani ya sekunde chache jina lako liko kwenye orodha, pamoja na desibeli ulizosikika juu ya kelele na kasi yako kwa maneno kwa dakika. Utaitambua kwa alama ya `-#` baada ya jina la aliyesikia. Haijali kama wewe ni kituo adimu au la. Mimi huitumia kupima antena: naita CQ mara mbili kwa waya wa zamani, kisha mara mbili kwa waya mpya, masafa yakitofautiana kidogo ili mashine isinichukulie kama marudio, halafu nalinganisha desibeli za skima ileile. Siku moja niliteremsha ncha moja ya dipoli, antena yangu ya waya, kutoka tawi la mwembe hadi ukuta wa uzio, nikipisha mafundi. Skima moja ya Italia iliniambia nimepoteza desibeli 7 kabla fundi hajamaliza kupanga ngazi.

*PSK Reporter* ya Philip Gladstone, N1DQ, ni ramani ya modi za kidijitali, hasa FT8. Kila anayesikiliza FT8 na kuruhusu programu yake itoe taarifa anakuwa mtangazaji bila kuandika neno, na taarifa hupelekwa kila dakika tano hivi. FT8 ilitoka 2017, kazi ya Steve Franke, K9AN, na Joe Taylor, K1JT, ambaye ndiye yuleyule aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia 1993. Inakwenda kwa zamu za sekunde 15 na inasomeka hata ishara ikiwa chini ya kelele kiasi kwamba sikio halioni kitu. Hapo pana mtego: ramani ikikuonyesha Brazil imejaa, haimaanishi kwamba ukishika kipaza sauti watakusikia. Wamesikika kwa FT8. Sauti inahitaji ishara yenye nguvu zaidi, kwa tofauti kubwa.

*WSPR*, pia ya Taylor, ya 2008, si ya mazungumzo kabisa. Kituo hurusha alama yake, kisanduku cha mahali chenye herufi nne (msimbo wa mraba wa ramani, kama KI93) na nguvu yake, kwa karibu dakika mbili, mara nyingi kwa wati 5 au chini ya hapo. Hutampata wa kuongea naye. Utapata picha ya bendi usiku kucha, ukiwa umelala.

Kwa kifupi cha mezani kwangu: naamka naangalia WSPR nijue bendi gani iko hai, PSK Reporter nijue ni nani yuko hewani, klasta nijue nani wa kumtafuta.

10. Zile namba za SFI, A na K zina maana gani?

SFI ni mionzi ya jua ya sentimita 10.7 inayopimwa Penticton, Kanada. Ikiwa chini ya 80, bendi za juu kama mita 10 husinzia. Ikipita 150, mita 10 inaweza kukupeleka popote kwa wati chache. Mzunguko wa 25 wa madoa ya jua ulianza Desemba 2019, na waliopata leseni karibuni wamezoea neema. Miaka ya chini itawafundisha mita 40.

K, ya 0 hadi 9, hupima msukosuko wa sumaku ya dunia kila saa tatu, na A ni muhtasari wa siku. K ikifika 5, njia zinazopita karibu na ncha za dunia ndizo huumia kwanza. Njia fupi ya kutoka Dar kwenda California hupanda hadi karibu na Mzingo wa Aktiki, kwa hiyo hiyo isahau siku hiyo. Geuza antena kusini au mashariki, kuna kazi.

## Kutuma

11. Naandikaje spoti yangu mwenyewe?

Kwenye telneti:

`dx 21255.0 3B9ZZZ UP 5`

Masafa ni kwa kilohezi, si megahezi. Programu nyingi za kumbukumbu zina kitufe cha kufanya hivyo, zikichukua masafa moja kwa moja kutoka kwenye redio. Kwenye maoni weka kinachomsaidia mwingine: anasikiliza juu kiasi gani, anaita bara gani, namba ya kisiwa. "Asante sana kaka kwa mazungumzo mazuri, salimia familia" ni maneno ya kumwambia mwenyewe hewani; klasta hayaihusu.

Tafadhali tuma. Asiyekuwapo na lake halipo. Tukikaa kimya sote, mtu wa Mombasa akichuja kanda 37 ataona ukurasa mweupe na kudhani bendi imekufa, kumbe watu watatu wa Dar wanaongea na Japani muda huohuo.

12. Naruhusiwa kujitangaza mwenyewe?

Kwa adabu za zamani, ni kama kujipigia vigelegele harusini kwako. Siku za kawaida, ukiwa kisiwani au umeenda safari ya redio, wengi hawatakununia ukifanya mara moja. Kwenye mashindano fuata kanuni za shindano husika, kwa kuwa zinatofautiana na hubadilika. Tazama pia swali la 19.

Ukitumia Morse huna haja: ita CQ, mashine zitakutangaza bure.

13. Nimekosea herufi kwenye alama ya wito. Nifanye nini?

Tuma upya iliyo sahihi haraka, na kwenye maoni taja kwamba ile ya kwanza ni kosa. Spoti haifutiki mikononi mwa watu, ikishatoka imetoka.

Makosa haya yana watoto. Kwenye Morse, 5H ya Tanzania na HH hupishana kwa nukta moja tu. Mtu mmoja akiandika HH, Haiti, wale wanaosubiri Haiti wote wanahamia pale, wanaita, na nusu yao wanaandika kwenye daftari kwamba wamewasiliana na Haiti. Wiki kadhaa baadaye kadi za QSL, za kuthibitisha mawasiliano, hazifiki na lawama zinaanza. Ndiyo maana kanuni ya kwanza kabisa: sikiliza alama kwa masikio yako kabla ya kuita, hata kama klasta imeapa.

14. Nimetangazwa, sasa watu mia wananiita kwa mpigo. Nimezidiwa!

Karibu kwenye pailapu. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na wati 100 na ile dipoli ya mwembe, mita 15, Jumamosi jioni. Dakika ishirini nimeita, kimya. Mwitaliano mmoja akajibu, tukasalimiana, akaniaga. Kumbe aliandika mstari mmoja. Nilipoachia kitufe baada ya kusema alama yangu, haikuwa sauti za watu tena, ilikuwa kama bati linalopigwa na mvua. Nikazima redio nikaenda kunywa chai. Sijivunii.

Nilipaswa kufanya hivi. Sema wazi kwamba unasikiliza juu, "listening five up", kisha rusha pale ulipo na usikilize kilohezi 5 hadi 10 juu yake, ili wanaoita wasikufunike wewe mwenyewe. Ukinasa herufi mbili tu, rudia hizo mbili na uwasubirie wenyewe. Wengine wakiingilia, usiwajibu. Toa ripoti, pokea ripoti, endelea. Taja alama yako kila baada ya mawasiliano machache. Ukichoka, sema unaondoka, kisha ondoka kweli. Mtu mstaarabu atakuandikia spoti yenye "UP 5", na hali itatulia.

## Bila intaneti

15. Umeme umekatika na mtandao umezima. Nitajuaje bendi iko wazi?

Kwa betri, kipokezi na saa iliyo sahihi. Kuna bikoni 18 duniani (vituo vinavyorusha ishara za kupimia bendi) za mradi wa mashirika ya redio ya ridhaa NCDXF na IARU, na mojawapo, 5Z4B, ni ya Kenya. Zinashirikiana masafa matano: 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz. Kila moja huchukua sekunde 10 kisha kumpisha inayofuata, na zamu yote inamalizika kwa dakika tatu, kuanzia mwanzo wa saa.

Kwenye 14.100, Afrika Kusini, ZS6DN, inaanza dakika 1 na sekunde 40 baada ya mzunguko kuanza. Kenya inafuata kwenye 1:50, Israeli, 4X6TU, kwenye 2:00, Finland, OH2B, kwenye 2:10. Ukitaka Kenya kwenye 18.110, ongeza sekunde 10, na kadhalika kupanda bendi.

Kila bikoni hutaja alama yake kwa Morse, maneno 22 kwa dakika, kisha hutoa mistari minne mirefu ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Funga macho uhesabu. Ukisikia mmoja tu, bendi ipo lakini dhaifu. Ukisikia mitatu, kituo cha wati 1 kutoka huko kinakufikia, kwa hiyo huna kisingizio cha kutoita. Mara chache mno nimesikia wa nne, kama mbu chumba cha pili.

Bikoni nazo huzimika kwa matengenezo, kwa hiyo usitangaze kifo cha bendi kwa sababu ya moja iliyonyamaza. Na kwa nini hutasikia 5Z4B ukiwa Dar hata ikiwa hewani, rudi swali la 7.

## Yasiyo ya kawaida

16. Ramani inanionyesha niko Jangwa la Sahara.

Umeandika vibaya kisanduku chako cha mahali. Nairobi ni KI88. Geuza herufi mbili za mwanzo, IK88, uko Mali, kaskazini mwa Timbuktu. Dar es Salaam ni KI93. Ukiandika KL93 utatokea pwani ya Saudi Arabia. Mombasa ni KI95, Kampala KJ60, Muscat LL93. Sahihisha kwenye mipangilio ya programu, si kwenye ramani.

17. FT8 yangu haisomi chochote, ingawa nasikia milio.

Saa ya kompyuta. Ikipotea zaidi ya sekunde moja au mbili, zamu zako na za wenzako hazikutani. Baada ya umeme kukatika na kurudi ndipo hutokea sana. Isawazishe na mtandao, au kwa kipokezi cha GPS.

18. Kuna spoti imetumwa kwa jina langu, na mimi nilikuwa kazini.

Nodi nyingi huamini alama unayojiandikisha nayo, bila nywila, na wapo wenye tabia mbaya. Mwandikie mwendeshaji wa nodi ambayo mstari ulitokea. Ana kumbukumbu na anaweza kuzuia. Baadhi ya nodi sasa zinataka kujisajili kwanza, na huo ndio mwelekeo ninaoupenda. Ukijibishana hadharani kwenye klasta unampa mhusika alichokuja kukitafuta.

19. Nikitumia klasta kwenye shindano nimedanganya?

Hapana, ila mashindano mengi humweka anayesaidiwa na klasta au skima katika kundi tofauti na anayetegemea masikio yake pekee. Ukichungulia mara moja tu, uko kundi la kusaidiwa. Chagua kabla ya kuanza.

20. Nimemsikia mtu kupitia kipokezi cha mtandaoni cha Uholanzi, naye akanijibu. Inahesabika?

Kile cha Chuo Kikuu cha Twente ni kizuri sana kwa kujisikiliza mwenyewe unavyofika Ulaya, nami hukitumia. Lakini mawasiliano yanataka kipokezi kiwe kituoni kwako. Ukimsikia kwa masikio ya Uholanzi, aliyewasiliana ni Uholanzi. Na usimtumie spoti ukiwa umemsikia hivyo bila kusema, kwa sababu utamdanganya kila anayechuja kwa mtindo wa swali la 8.

21. Na satelaiti ya QO-100, nayo ina spoti?

Haina haja kubwa. Ni kirudishi cha mawimbi ya wana ridhaa kwenye satelaiti ya Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, na imesimama nyuzi 25.9 mashariki, karibu juu ya vichwa vyetu. Ukielekeza dishi, unaona mkanda mzima wa watu kwa mpigo, kutoka Brazil hadi Oman, saa 24. Hakuna kufunguka wala kufungwa kwa bendi. Wengine huiona raha. Mimi nayakosa yale mashaka.

22. Ninarusha kutoka Unguja. Niandike Zanzibar au Tanzania?

Kwa orodha ya nchi za DXCC (ya kuhesabu nchi ulizowasiliana nazo), ni Tanzania. Zanzibar ilikuwa na nafasi yake enzi za alama za VQ1, wakati Tanganyika ikiwa VQ3, lakini mawasiliano ya baada ya 1974 hayahesabiki hivyo tena.

Kwa wawindaji wa visiwa ni hadithi nyingine. Programu ya IOTA inahesabu visiwa, nayo Unguja ni AF-032, Pemba AF-063 na Mafia AF-054. Ukiwa Pemba na ukapata mtu wa kukutangaza, mwombe aandike namba hiyo kwenye maoni. Kisha weka maji ya kunywa karibu, na urudi kusoma swali la 14.